Usipoziba Ufa

Mgeni anayefika Kalenga kwa mara ya kwanza aghalabu huletwa kuona fuvu. Kutoka Iringa mjini ni mwendo wa kilomita 15 hivi, na hapo pana makumbusho madogo ambamo limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa. Kila mtoto wa shule hapa kwetu anaijua habari yake. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani chini ya Gavana von Schele waliivamia ngome ya mawe ya Wahehe na kuiteka. Mkwawa akaponyoka, akapigana porini karibu miaka minne, hata mwezi Julai 1898 akajiua kwa bunduki asikamatwe. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lake lirudishwe. Likarudi mwaka 1954, miaka 35 baada ya agizo, nami nilikuwa mtoto wa miaka miwili.

Hayo wameyaandika wengi, na mimi sina la kuongeza. Nataka kuandika historia ya kiungo kingine ambacho hakuna atakayekijengea makumbusho, nacho ni figo. Sababu ya kukichagua ni nyepesi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina kisukari tangu mwaka 2011, na nimezungukwa na wazee wenzangu wenye maradhi hayo hayo. Tukikutana barazani, baada ya kuamkiana "kamwene", huulizana sukari imefika ngapi. Macho tunaulizana, na miguu tunaulizana. Juu ya figo hakuna anayeuliza, kwa sababu figo haiumi. Nami nimekwisha kuona kwamba katika ugonjwa huu kisichouma ndicho cha kuogopwa zaidi.

Ndugu msomaji, tuanze na kiungo chenyewe. Figo ni mbili, kila moja inakaribia ukubwa wa ngumi, nazo zimejificha nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Kila moja ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba ya damu. Kwa siku moja vichujio hivi huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini, na kinachobaki, lita moja na nusu au mbili hivi, ndicho mkojo. Kichujio kilicho kizima hupitisha maji na taka, lakini huvizuia vitu vikubwa vyenye manufaa, kama vile protini iitwayo albumini.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, vichujio hulazimishwa kufanya kazi kupita kiasi. Msukumo wa damu ndani yake hupanda, kuta zake zinakuwa nene, na wakati huohuo zinaanza kuvuja. Albumini kidogo sana hupenya na kutoka na mkojo. Huo ndio ufa. Mwenyewe hasikii lolote, mkojo haubadiliki rangi, na hamu ya chakula iko palepale. Figo zina akiba kubwa, hata mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na bado akalima, akala, akalala vizuri. Siku miguu inapovimba na chakula kumchukiza, ukuta uko karibu kuanguka.

Jinsi binadamu alivyojifunza kuuona ufa huo ni hadithi ndefu, na karibu yote imo katika mkojo. Huku vijijini watu waliwahi kutambua kwamba mahali alipokojoa mtu fulani sisimizi hukusanyika. Waganga wa kale wa India waliona jambo hilohilo, wakauita ugonjwa huo mkojo wa asali. Katika karne ya 17 daktari mmoja Mwingereza, Thomas Willis, aliuonja mkojo wa wagonjwa wake na kuandika kwamba ni mtamu kama asali. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha mkojo wa mgonjwa hadi maji yakaisha, akabaki na unga uliofanana na sukari kwa sura na kwa ladha. Hapo ndipo utamu ulipothibitishwa kuwa ni sukari yenyewe.

Habari ya figo ilikuja kwa njia nyingine. Katika Hospitali ya Guy's huko London alikuwako daktari Richard Bright. Mwaka 1827 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba watu waliovimba miili, ambao mkojo wao ukipashwa moto hugandamana kama ute wa yai, wakifa hukutwa figo zao zimeharibika. Kilichoganda ni albumini. Kijiko na moto wa mshumaa vilitosha kwa kipimo hicho. Hata hivyo yeye aliuona ukuta ulipokwisha kubomoka. Ufa mdogo haukuweza kuonekana kwa kijiko.

Baada ya insulini kupatikana Toronto mwaka 1921, na kutumika kwa binadamu kuanzia Januari 1922, wenye kisukari ambao zamani wangekufa mapema wakaishi miaka mingi. Wakaishi vya kutosha figo zao kuanza kufa. Mwaka 1936, huko Boston, Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza mafundo waliyoyakuta katika vichujio vya figo za marehemu wanane. Wengi wao hawakuwa vijana. Walikuwa watu wa makamo na wazee, wenye kisukari, presha, uvimbe na protini katika mkojo. Hivyo tangu mwanzo kabisa wa elimu hii mzee alikuwemo.

Kisha, mwaka 1963, katika hospitali ileile ya Guy's aliyofanyia kazi Bright, Harry Keen na mwenzake Chlouverakis walieleza njia ya kupima albumini iliyo kidogo mno, ile ambayo mshumaa na kijiko visingeiona kamwe. Ilibaki kujua kama kiasi hicho kidogo kina maana yoyote. Jibu lililotuhusu sisi wazee lilitoka Denmark. Mwaka 1984 Carl Erik Mogensen alitoa matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa wa kisukari cha ukubwani, wenye umri wa miaka 50 hadi 75. Wale ambao mkojo wao ulikuwa na albumini kidogo, katika miaka kama kumi iliyofuata walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata uharibifu wa wazi wa figo na ya kufa mapema, na wengi wa waliokufa waliuawa na moyo. Maana yake ni hii: figo inayovuja inatangaza hali ya mishipa ya mwili mzima. Anayeuona ufa huo mapema ameonywa juu ya figo na moyo kwa pamoja.

Sasa turudi nyumbani. Kwa miaka mingi vitabu vya waganga wa Ulaya viliandika kwamba kisukari ni nadra kwa Mwafrika. Waliokwenda kuhesabu badala ya kukisia ni madaktari wa Muhimbili. Daktari mmoja Mskoti, Donald McLarty, pamoja na wenzake Watanzania, akiwamo Swai, waliweka kumbukumbu za wagonjwa wapya 1,250 waliofika Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987. Wakaenda pia vijijini, katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wakapima zaidi ya watu wazima 6,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Chama cha Kisukari Tanzania kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1985, watu wakiona hatari inakuja ingawa bado iko mbali.

Mwaka 2012 nchi ilifanya uchunguzi mwingine, wa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hii waliokutwa na sukari ya juu ni asilimia 9.1, na wenye presha ni karibu mtu mmoja katika kila wanne. Njia za upimaji hazikuwa sawa kabisa, lakini asiyeona kwamba dunia imebadilika hataki kuona. Nami niliposoma habari ile nilitazama zaidi hiyo namba 64. Hesabu iliishia pale. Mimi na wenzangu wa barazani tulikuwa tunaukaribia mpaka huo au tumekwisha kuuvuka, na kuanzia siku ya kuuvuka hatumo katika hesabu, wakati huo ndio umri ambao figo huanza kudai.

Ukiniuliza nini kimebadilika hapa Uhehe, sitakujibu kwa neno moja. Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka foleni za sukari. Kiwanda cha Kilombero kilikuwa hapo chini ya milima, kimejengwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini kilo moja ya sukari ilipatikana kwa mgao na kwa kujuana. Baada ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ile, sukari, mafuta ya kupikia na soda vikafika hadi duka la mwisho kijijini. Zamani mtu wa Kalenga akienda mjini alikwenda kwa miguu au baiskeli, na akirudi vivyo hivyo. Siku hizi bodaboda inamngoja mlangoni. Ugali wa ulezi umekuwa chakula cha wageni wa mijini, na sisi tunakula sembe nyeupe. Tena tunaishi zaidi ya baba zetu, jambo ambalo ni la kushukuru, na kisukari cha ukubwani kinapenda umri. Sukari ya chai haikuleta ugonjwa huu peke yake. Imekuja pamoja na mafuta, kukaa kitako, unene na damu ya ukoo.

Lakini si kila mwenye kisukari huharibikiwa na figo. Yapo mambo yanayoamua nani atapata ufa mapema, na inafaa tuyataje moja moja, kwa sababu mengine yamo mikononi mwetu.

La kwanza ni miaka. Kila mwaka wa sukari ya juu huongeza hatari. Kwa mzee hapa pana mtego: kisukari cha ukubwani huanza polepole, na mtu aweza kuishi nacho miaka kadhaa kabla hajapimwa. Siku anapoambiwa "mzee, una sukari" yeye huanza kuhesabu mwaka wa kwanza, lakini figo zake zilianza kuhesabu zamani. Ndiyo maana wataalamu husema mgonjwa wa aina hii apimwe figo siku ileile anayogunduliwa, wala asingoje.

La pili ni presha. Kama sukari ndiyo inayochimba msingi wa ukuta, presha ndiyo gogo linaloupiga. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wenye kisukari cha ukubwani walioshushiwa presha hadi wastani wa 144 kwa 82 walipata madhara machache kuliko wale waliobaki na 154 kwa 87. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kwa kichujio ni kubwa. Na presha, kama figo, haiumi. Wangapi tunaowafahamu huacha vidonge kwa sababu "najisikia vizuri"? Wanajisikia vizuri kwa sababu ya vidonge.

La tatu ni tumbaku, iwe ya sigara au ya kiko, maana inabana mishipa ileile ambayo sukari inaiharibu. La nne ni unene wa tumbo na mafuta mengi katika damu. La tano ni ukoo: kama ndugu wa damu mwenye kisukari amekufa kwa figo, wewe uliyebaki jihesabu umo katika hatari. La sita ni macho. Anayeambiwa kwamba mishipa ya ndani ya jicho imeanza kuharibika kwa sukari asifikiri ni habari ya macho tu. Mishipa ya figo ni ndugu zake.

La saba nalisema kwa msisitizo kwa wakulima wenzangu. Mzee wa jembe, mgongo na magoti vinamuuma. Dukani anauziwa diklofenaki au ibuprofeni bila cheti, anameza leo, anameza kesho, anameza mwezi mzima. Dawa hizo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kijana mwenye maji mwilini atavumilia. Mzee mwenye kisukari na presha, aliyekunywa maji kidogo shambani au anayeharisha, aweza kuziangusha figo zake kwa siku chache. Dawa za mitishamba nazo, ambazo hatujui kilichomo wala kipimo chake, zote mwisho hupita mlango huohuo wa figo.

La nane ni la mikoa yetu ya kusini hasa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017, Njombe na Iringa zilikuwa juu kabisa Tanzania Bara kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI, kila mmoja ukiwa na zaidi ya asilimia 11. Kwa neema ya dawa, waliokuwa wakifa wakiwa vijana sasa wanazeeka, nao wanapata kisukari kama sisi wengine. Virusi vyenyewe vyaweza kuumiza figo, na mojawapo ya dawa zilizotumika sana, tenofovir, hutaka figo ziangaliwe. Mtu asiache dawa hata siku moja kwa kusoma maneno haya. Dawa hizo ndizo uhai wake. Aombe tu figo zipimwe.

Baada ya hayo yote upo uzee wenyewe. Tangu utu uzima vichujio hupungua taratibu hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Kwa hiyo mzee huanza vita akiwa na askari wachache. Na uzee una ubaya mwingine: unakuwa jibu la kila swali. Mguu umevimba, wanasema uzee. Anachoka, uzee. Haoni njaa, uzee.

Kaka yangu mkubwa aliambiwa hivyo. Alikuwa na kisukari kwa miaka 14, mtu mwangalifu aliyefika kliniki kila mwezi bila kukosa, na kadi yake ilijaa namba za sukari. Miguu ilipoanza kuvimba, mahali alipokuwa akitibiwa, ambapo sitapataja, walimwambia apunguze kusimama. Jirani mmoja akasema amekanyaga kitu alichotegewa, na wapo waliomwamini, maana uvimbe bila maumivu huleta maneno. Ikapita karibu nusu mwaka ndipo alipopimwa damu katika hospitali kubwa, na daktari akatuita wanafamilia ndani. Alituambia kwamba kilichobaki ni kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Tulihesabu nauli, gharama na umri wake. Yeye mwenyewe ndiye aliyekata shauri, akasema anarudi nyumbani. Alikaa nasi wiki saba. Baada ya mazishi niliichukua kadi yake nikaipekua ukurasa baada ya ukurasa. Sukari ilikuwamo, uzito ulikuwamo, presha ilikuwamo hapa na pale. Kipimo cha mkojo hakikuwamo hata kimoja.

Baadaye nilijua kwamba haikuwa bahati mbaya ya kaka peke yake. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Mwanza, katika hospitali ya Bugando, kwa wagonjwa 369 wa kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki kwa miguu yao. Kati yao 309 walikutwa na dalili za ugonjwa wa figo, wengi kwa sababu ya albumini katika mkojo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua. Katika mafaili, wagonjwa watano tu ndio walioandikiwa kwamba figo zao zimeguswa na kisukari. Na kadiri mtu alivyokuwa mzee ndivyo alivyozidi kuelekea kuwa mgonjwa. Hao walikuwa watu walio kliniki tayari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini hawa hawakuficha kitu, ni maradhi ndiyo yaliyojificha.

Msomaji ataniuliza, kwani damu haipimwi? Hupimwa, na kitu kinachotazamwa ni kreatinini, taka itokayo katika misuli. Figo zikidhoofika, kreatinini hupanda katika damu. Ila mzee aliyekonda misuli yake ni michache, hivyo hutoa kreatinini kidogo, na karatasi ya maabara yaweza kuonyesha namba nzuri wakati figo zimekwisha kuchoka. Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia kanuni inayoingiza umri, ili namba ileile isomwe tofauti kwa kijana na kwa mzee.

Hata kanuni hizo zina historia inayotuhusu. Mwaka 1999 ilitolewa Marekani kanuni iliyotumika duniani kote, na ndani yake mtu mweusi aliongezewa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu za figo, kwa kuwa katika vipimo vya kule ilionekana weusi wana kreatinini zaidi, na ikadhaniwa kwamba wana misuli mingi. Kanuni iliyofuata mwaka 2009 iliendelea na nyongeza hiyo, ingawa ilipunguzwa. Fikiri basi mkulima wa Kalenga, mwembamba, ana miaka 70, anahesabiwa figo asizokuwa nazo kwa sababu ya rangi yake. Nyongeza hiyo iliondolewa Marekani mwaka 2021. Nimefundisha hesabu kwa miaka zaidi ya 30, na sijaona namba iliyonifikirisha kama ile. Makosa ya hesabu hayabagui; anayeumia ni yule anayehesabiwa.

Miezi miwili baada ya msiba nilikwenda kliniki yangu. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mpole. Akaniamkia.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo naomba mnipime na mkojo."

"Mkojo wa nini tena babu? Sukari si tumeshaiona kwenye kidole?"

"Ya kidole ni ya leo. Nataka nione ya miaka."

Alicheka, lakini alikwenda kumwuliza daktari, na daktari akakubali. Akanieleza kwamba kile kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo huona albumini ikiwa tayari ni nyingi. Kwa ufa mdogo kinahitajika kipimo maalumu, kinacholinganisha albumini na kreatinini katika mkojo, na ni vyema uwe mkojo wa asubuhi. Akasema tena kwamba homa, maambukizi ya njia ya mkojo au kazi ngumu ya siku hiyo vyaweza kuipandisha albumini, kwa hiyo matokeo mabaya ya mara moja hayatoshi, lazima kipimo kirudiwe katika miezi inayofuata. Changu kilirudiwa. Mara zote mbili albumini ilikuwamo, kidogo, lakini ilikuwamo.

Nilikaa kimya. Daktari akaniambia, "Mzee, hii si habari mbaya. Habari mbaya ni ile inayokuja miguuni."

Naamini alisema kweli, maana ufa uliogunduliwa waweza kuzibwa au kucheleweshwa. Hilo nalo lina tarehe zake. Mwaka 1993 ilithibitishwa kwamba dawa ya presha iitwayo captopril inazilinda figo za wenye kisukari cha utotoni. Mwaka 2001 ikathibitishwa kwamba losartan na mwenzake irbesartan zinafanya kazi hiyo kwa wenye kisukari cha ukubwani. Kisha, mwaka 2019 na 2020, yakatoka matokeo ya dawa mpya za kisukari, zile zinazoitoa sukari kupitia mkojo, canagliflozin na dapagliflozin, kwamba nazo hupunguza kasi ya kufa kwa figo. Mimi nameza losartan, ambayo si dawa ngeni katika maduka yetu ya dawa. Nimepunguza chumvi, vidonge vya mgongo nimeviweka mbali, na kila mwaka napimwa mkojo na damu. Mwaka jana albumini ilikuwa imeshuka kidogo.

Nchi nayo haikukaa bure. Mwezi Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata. Haya ni mambo ya kujivunia, na mgonjwa asiyekuwa na njia nyingine ayashukuru. Lakini mzee wa miaka 70 mwenye kisukari na moyo uliochoka si rahisi kupandikizwa, na ndugu wa kumpa figo naye ni mtu mwenye watoto. Kwa watu wa rika langu wokovu uko mapema, katika kichupa cha mkojo, kuliko mwishoni katika chumba cha upasuaji.

Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa figo methali hii ni kali kuliko ilivyokusudiwa, kwa sababu ukuta huu ukianguka haujengwi upya. Kichujio kilichokufa hakirudi. Ndiyo maana nawaomba hasa ninyi watoto na wajukuu mnaowasindikiza wazee kliniki, mnaobaki nje mkichezea simu wakati babu yuko ndani. Ingieni. Ulizeni mambo matatu: presha yake leo ni ngapi, mkojo wake ulipimwa albumini lini, na damu yake inasema figo zimebaki na nguvu kiasi gani kwa umri wake. Yakijibiwa, yaandikeni katika kadi pamoja na tarehe. Yasipojibiwa, ulizeni tena mwezi ujao, kwa adabu, lakini msichoke.

Mimi barazani nimeanza kuuliza. Mwanzoni wenzangu walicheka, wakasema mwalimu amekosa la kusahihisha, sasa anasahihisha mikojo. Wiki iliyopita mmoja wao, mwashi mstaafu mwenye kisukari cha miaka tisa, alikuja na karatasi mfukoni. Alikuwa ameikunja mara nne. Alinipa bila kusema neno, akakaa, akangoja niisome.